Huyu ni mtoto wa nani? Maneno matano ya kuielewa jamii yetu



Mwezi huu naanza na kosa langu mwenyewe. Siku moja ya Mungu nilihubiri juu ya uvivu. Kwaya yetu ya vijana ilikuwa na watu 14, na sasa walibaki 5. Tisa walikwenda Misisi kutafuta zahabu. Basi nikasema mimbarani kwamba vijana wa leo wanakimbia jembe na nyavu, wanataka feza ya haraka, hawana uvumilivu wa baba zao. Watu waliitika Amina kwa nguvu. Nilifurahi.

Nilipotoka nje kupeana mikono, mama mmoja mjane alinishika mkono, hakuuachilia.

"Pasta, umehubiri muzuri. Lakini mutoto wangu si muvivu. Alilima na mimi tangu angali mudogo. Mihogo ilipata ugonjwa, majani yakakunjamana, hatukuvuna kitu. Wadogo wake watatu walifukuzwa kwa masomo juu ya minerval. Nani angelipa? Wewe?"

Hakusema kwa matusi. Alisema polepole, kisha akachukua kitambaa chake na Biblia yake, akaenda. Mimi usiku ule sikulala vizuri.

Katika shule ya Biblia tulikuwa na somo moja fupi lililoitwa sosiolojia, ni kusema elimu ya kuchunguza maisha ya watu wanapokaa pamoja. Nilipata 11 juu ya 20, nikalisahau. Usiku ule nikatafuta daftari yangu ya zamani, yenye kuliwa na mende pembeni. Nilikuta humo maneno machache ambayo yangenisaidia kabla ya kupanda mimbarani. Leo nataka kuwagawia matano. Si maneno ya wasomi tu. Ni vyombo vya kazi, kama vile koleo na karai.

Jina hili sosiolojia lilienezwa na Mfaransa Auguste Comte karibu na mwaka wa 1839. Lakini zamani sana mbele yake, mtu wa Afrika, Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka wa 1332, alikuwa amekwisha kuandika juu ya kamba ile inayofunga watu wa ukoo mmoja pamoja, na namna kamba hiyo inavyolegea wanapoingia katika raha ya mji. Basi tusiseme kwamba mambo haya ni ya Wazungu peke yao.

1. Taabu ya mtu na taabu ya watu wote

Mwaka wa 1959 mwalimu mmoja wa Marekani, C. Wright Mills, aliandika kitabu ambamo alitenga mambo mawili. Katika mji wa watu 100,000, mtu mmoja peke yake akikosa kazi, tutazame tabia yake, ujuzi wake na bahati yake. Hiyo ni taabu ya mtu. Lakini mamilioni wakikosa kazi kwa wakati mmoja, hatuwezi kusema kwamba wote wameamka siku moja wakawa wavivu. Hiyo ni taabu ya jamii, na sababu yake itafutwe katika jamii.

Sasa rudi kwa kwaya yangu. Kijana mmoja akiondoka, naweza kuuliza: ana shida gani moyoni? Lakini tisa kati ya 14, kutoka nyumba mbalimbali, kwa njia ileile! Hapo inafaa kuuliza swali lingine: ni kitu gani kinawasukuma, na ni kitu gani kinawavuta?

Kinachosukuma munakijua. Vita vya 1996 na vya 1998 vilivunja kijiji, watu wakavuka ziwa kwenda Kigoma, na mifugo na nyavu vikapotea. Ugonjwa wa mihogo ulikula mashamba. Tangu 2019 shule za msingi za serikali ni bure, lakini kwa sekondari mzazi angali anatafuta minerval. Kinachovuta nacho kinaonekana. Mwaka wa 1982 serikali ya Zaire ilifungua mlango, raia wakaruhusiwa kuchimba na kuuza zahabu. Mwaka wa 2000 aunsi moja ya zahabu, ni kama grama 31, iliuzwa duniani chini ya dolari 300. Mwaka wa 2025 ilipita dolari 3,000. Bei ile inapangwa mbali sana, na watu wasiojua kwamba Nundu iko. Lakini inafika mpaka mlangoni kwa mjane na kumchukua mtoto wake.

Je, nasema kwamba mtu hana mapenzi yake? Hapana. Vijana watano walibaki, na kati ya wale tisa kila mmoja alichagua saa ya kuondoka na namna ya kuishi huko. Moyo wa mtu ni kitu. Lakini muhubiri anayeona moyo peke yake, asione mihogo na minerval, anapiga nusu ya nyoka. Nusu nyingine inabaki na kichwa.

2. Malezi ya jamii

Mtoto hazaliwi akijua kusalimia wakubwa, kugawa samaki, ao kunyamaza wakati wa maombolezo. Anafundishwa. Wataalamu wanaita jambo hili kwa neno refu. Sisi tuseme malezi ya jamii. Si baba na mama peke yao wanaolea. Jirani analea, shule inalea, kanisa linalea, marafiki wa umri mmoja wanalea, na sasa telefone nayo inalea.

Wazee wa Kibembe walikuwa na lubunga, mahali wanaume walipokaa, walipokula na kukata maneno. Kijana aliketi pembeni, akasikia. Hakuna aliyemwambia, "Leo ni somo la kwanza." Lakini kisha miaka kumi alijua namna ya kusema mbele ya wakubwa na namna ya kupatanisha ndugu wawili.

Sasa fikiri mtoto aliyezaliwa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa Tanzania mwaka wa 1996. Alijifunza kupanga mstari, kuchunga kadi ya chakula, kungoja siku ya mgawo. Hayo yalikuwa masomo ya kweli, yalimsaidia kuishi. Aliporudi Fizi, babu yake alimpa jembe akacheka namna alivyolishika. Babu akasema, "Mutoto huyu ni mujinga." Si mujinga. Alilelewa kwa maisha mengine.

Ni vilevile kwa machimbo. Kijana wa miaka 16 akifika Misisi bila mzazi, malezi hayakomi. Yanaendelea, lakini walimu wamebadilika. Mwalimu sasa ni PDG wa shimo, ni wenzake wanaolala naye chini ya shitingi, ni muziki wa baa. Anajifunza mambo mazuri: kuamini mwenzake aliye juu anayeshika kamba, kufanya kazi usiku, kuhesabu grama. Anajifunza vilevile kwamba feza ya leo iishe leo, sababu kesho shimo linaweza kuanguka. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya kulinda mtoto inamhesabu kuwa mtoto kila mwenye chini ya miaka 18. Shimo halimhesabu hivyo. Mzazi, usiulize tu, "Mtoto wangu anapata ngapi?" Uliza, "Nani anamlea sasa?"

3. Nafasi na kazi ya nafasi

Mwaka wa 1936 Mwamerika mwingine, Ralph Linton, alionyesha tofauti ya mambo mawili tunayoyachanganya. Nafasi ni pale mtu anapoketi katika jamii: baba, mwalimu, mke, shemeji, negosian. Kazi ya nafasi ni mambo ambayo watu wanangojea toka kwa mtu aliyeketi pale. Mtu mmoja ana nafasi nyingi, na mara nyingi nafasi hizo zinapigana ndani yake.

Mfano: muganga wa zamu ana watu 30 kwenye mstari. Shangazi yake anafika, amebeba kuku, anasema, "Mwanangu, mimi si mgeni hapa." Nafasi ya muganga inasema: shangazi, keti nyuma ya wengine. Nafasi ya mtoto wa ukoo inasema: mwingize mbele. Akifuata moja, anakosea nyingine. Watu wa mstari watamwita mla rushwa, ao watu wa ukoo watamwita mwenye kiburi. Kumbe huyu muganga si mbaya. Ameketi kwenye viti viwili, na viti vinasogezwa mbali kimoja na kingine.

Mama anayetwanga mawe kwenye machimbo anajua jambo hili kuliko mimi. Asubuhi yeye ni mfanyakazi mwenye vumbi mpaka kwenye kope za macho. Jioni anangojewa awe mama wa nyumba, mwenye sombe iliyoiva na mtoto aliyeoga. Siku ya Mungu anangojewa awe shemasi. Mume wake angali anasema, "Mwanamke wangu hafanyi kazi ya kweli." Ndugu mume, hesabu nafasi zake, kisha useme tena.

Hata mimi. Siku ile nilipohubiri nilikuwa na nafasi ya kukemea zambi. Lakini nilikuwa na nafasi ya mchungaji vilevile, na mchungaji anatafuta kondoo kabla ya kusimulia kosa lake kwa wengine. Nilichagua nafasi iliyonipatia Amina.

4. Macho ya watu, na kukosa kanuni

Katika kijiji chetu kijana akitukana njiani, mama yeyote anayepepeta mchele atasimama na kuuliza, "Huyu ni mtoto wa nani?" Swali hilo ni fupi, lakini ni polisi, ni tribinali, ni mahubiri. Kijana anajua kwamba kabla jua halijazama habari itakuwa imefika kwa baba yake. Ndiyo namna jamii inavyowalinda watu wake kwa macho.

Ukifika mahali watu wametoka Uvira, Bukavu, Kalemie na kwingine, hakuna anayejua baba yako. Swali "mtoto wa nani?" halina jibu, basi halina nguvu.

Mfaransa Émile Durkheim, mtoto wa rabi, aliyezaliwa mwaka wa 1858, aliandika juu ya hali hii. Aliiita anomi, ni kusema hali ya kukosa kanuni, wakati desturi za zamani zimelegea na mpya hazijashika. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1897 alionyesha jambo la kushangaza: si umaskini wa gafula peke yake unaovuruga watu, hata utajiri wa gafula unawavuruga. Mtu aliyezoea kupata kidogo anajua mpaka wa tamaa yake. Siku anapopata grama 20 kwa usiku mmoja, mpaka unavunjika, na hakuna mtu karibu wa kumwambia "inatosha". Vijana wa machimbo, munajua mtu aliyepata zahabu nyingi siku ya posho, na siku ya tatu akaomba feza ya sabuni. Si kwamba hana akili. Alikuwa na feza pasipo kanuni ya feza.

Lakini tusiwaonee watu wa machimbo. Kusema kwamba mgodi hauna kanuni hata moja ni uongo. Kwenye shimo watu wanapatana mbele juu ya namna ya kugawa, nani alitoa chakula, nani alitoa mashini ya maji. Durkheim huyohuyo, katika kitabu cha mwaka wa 1893, alisema kuna namna mbili za kuungana. Watu wanaweza kuungana sababu wanafanana: ukoo mmoja, shamba moja, sala moja. Tena wanaweza kuungana sababu wanahitajiana: mmoja anachimba, mwingine anavuta maji, mwingine anatwanga, mwingine anauza mchele, mwingine ananunua grama. Nundu inashikwa zaidi na kamba ya kwanza. Misisi inashikwa zaidi na kamba ya pili. Kijana anayetoka hapa kwenda kule anaachilia kamba moja kabla hajashika nyingine. Pale katikati ndipo wengi wanaanguka.

5. Kioo

Neno la mwisho lilinichoma kuliko yote. Mwaka wa 1902 Charles Cooley, wa Marekani vilevile, alisema kwamba mtu anajitazama katika watu wengine kama vile katika kioo. Ananifikiria namna anavyodhani mimi ninamwona, naye anaanza kusikia heshima ao haya sawasawa na hayo. Watu wakikuita mwizi miaka mitatu, hata kama hukuiba, utafika siku ya kuuliza: kwa nini nisile faida ya jina hili?

Miezi minane kisha mahubiri yale, mtoto wa yule mjane alirudi. Alifika usiku. Mguu wake ulikuwa umevunjwa na jiwe, ukaunganika vibaya. Zahabu hakuwa nayo. Mama yake hakumwambia mtu. Mimi nilipata habari kwa watoto waliokwenda kuteka maji. Nikaenda.

Nilimkuta ameketi nyuma ya nyumba, anatengeneza kiti cha mdogo wake. Tukasalimiana. Nikamwambia, "Mwanangu, kwaya inakungojea. Sauti ya chini imekufa tangu ulipoondoka."

Alinyamaza. Kisha akasema, "Pasta, mulikwisha kunisema mbele ya watu. Nilisikia huku kule. Mutu alinipigia telefone siku ileile. Nilikuwa nimetoka kutuma feza ya masomo."

Nikauliza, "Feza ya masomo?"

"Kila miezi miwili. Uliza mama."

Niliuliza. Ilikuwa kweli. Wadogo wake wawili walikuwa wamemaliza mwaka kwa feza ile, na wa tatu alikuwa angali darasani. Kijana niliyemwita mvivu mimbarani alikuwa analisha nyumba ya watu watano chini ya ardhi. Nilimshikia kioo kilichovunjika, naye akajiona ndani yake.

Nilimwomba musamaha pale nyuma ya nyumba. Akasema, "Si neno, Pasta." Lakini munajua "si neno" ya mtu mwenye uchungu. Siku ya Mungu iliyofuata nilisimama mbele ya watu walewale, mimbarani palepale, nikasema nilikosea, nikaeleza kwa sababu gani. Safari hii Amina zilikuwa chache. Mama yake alikuwepo. Yeye hakuwepo. Alikuwa amepanda moto siku ya tano kurudi Misisi, pamoja na mguu wake ule. Mpaka leo nina namba yake ya telefone. Mara anaitika, mara hapana.

Munakumbuka hadisi ya baba mwenye wana wawili. Tunahubiri sana juu ya mdogo aliyepoteza mali. Lakini mtazameni yule mkubwa: alikataa hata kumwita ndugu. Alimpatia jina lingine kabisa, jina la matendo yake. Baba alimrudishia jina la kwanza. Hiyo ni kazi ya kanisa na ya jamaa pia: kumrudishia mtu jina lake.

Tutafanya nini?

Maneno haya matano hayatamtoa mtoto shimoni yenyewe. Lakini yanabadilisha maswali yetu, na swali jipya linaweza kuleta kazi mpya. Sisi Nundu tulianza na mambo matatu madogo.

Kwanza, tuliandika majina ya wote walioondoka, pamoja na namba za telefone, na wazee wa kanisa wakagawana watu wa kuita kila mwezi. Hatuombi sadaka katika telefone hiyo. Tunauliza habari tu. Macho ya kijiji yasipofika, sauti ifike.

Pili, kijana akiondoka, tunampa barua ya kanisa kabla ya kuondoka, si kisha kuulizwa. Hivyo akifika kule anashika kamba nyingine mapema, hakai katikati.

Tatu, mama wa kanisa walianzisha likelemba ya minerval. Kila mmoja anatoa kidogo, na inapokelewa kwa zamu mwanzoni mwa mwaka wa masomo. Ni feza ndogo, haitoshi kwa wote. Lakini mwaka huu kuna nyumba ambazo mtoto mkubwa hakulazimika kuondoka juu ya minerval ya wadogo.

Na wewe kijana unayesoma habari hii karibu na shimo: wewe si jina ulilopewa. Kama kuna mtu huko anayeweza kukuuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?", usikasirike. Mshikilie mtu huyo. Na kama hayupo, uwe wewe unayemwuliza yule mdogo aliyefika jana.

Maswali ya kuzungumza nyumbani kisha kula

Katika jamaa yetu, ni taabu gani tunayomlaumu mtu mmoja, na kumbe imeingia katika nyumba nyingi?

Nani analea watoto wetu kutoka asubuhi mpaka usiku? Muwahesabu kwa majina.

Kila mtu aseme nafasi zake tatu, na ni wapi zinapigana.

Ni jina gani baya tumempatia mtu katika kijiji ao kwenye machimbo, na tunaweza kulirudisha namna gani?

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya likelemba: kwa nini watu wasioandikishana mkataba wanaaminiana na feza, na ni nini kinachovunja imani hiyo. Kaeni salama.